Kutia Petroli kwa Deni

Tumeulizwa na ndugu mmoja mwenye gari la abiria liendalo baina ya Voi na Mwatate: Je, yafaa Mwislamu kulipa mafuta kwa kadi ya mkopo ya benki, hali amekwisha kuazimia moyoni kulipa deni lote kabla riba haijaanza kuhesabiwa? Asema amehiari kadi kwa kuwa haoni salama kubeba fedha taslimu njiani usiku. Swali hili si dogo kama lionekanavyo, na wanaolitaka jibu lake ni wengi kuliko aliyeuliza. Voi ndipo barabara kuu ya Mombasa na Nairobi inapokutana na njia ya Mwatate na Taveta, na magari yatuayo pale kutia petroli na dizeli hayana idadi.

Sisi hatuna ugomvi na kadi. Mwenye kulipa kwa kadi inayokata fedha zake mwenyewe alizoziweka benki, au kwa M-Pesa kutoka katika salio lake, hana tofauti na atoaye noti mfukoni. Amebadilisha chombo tu. (Wako miongoni mwetu wanaokimbilia kuharamisha kila kitu kipya kisha baada ya miaka mitatu huonekana wakikitumia. Hao twawaomba wapumzike kidogo.)

Wala hatuna ugomvi na deni. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kur'ani, nayo imo katika Suratul Baqara, ni ya deni: yaamrisha liandikwe, muda wake ujulikane, na mashahidi wawepo. Jambo lililo haramu kwa dhati yake lisingewekewa adabu za kuliandika. Wazee wetu wa pwani na wa bara wamekopa unga na sukari kwa daftari la mwenye duka, wakalipa mwisho wa mwezi, na hakuna aliyewalaumu.

Ubaya uko pengine, na ili kuuona yapasa kutazama kinachotendeka pale penye pampu. Kijana hutia mafuta, kisha huleta mashine dirishani. Kadi ikikubaliwa, mwenye kituo atalipwa na benki, na tangu dakika ile mdai si mwenye mafuta bali ni benki. Na benki ilikwisha kumtilisha mteja sahihi, siku alipopewa kadi, ya kwamba akilipa yote ndani ya muda wa msamaha haongezi kitu, na akichelewa ataongeza. Hapo ndipo lilipo shina la mambo. Riba ya Jahiliya ilikuwa hivi hivi: siku ya ahadi ikifika, mdaiwa hutakiwa alipe, au apewe muda na deni likue.

Ndugu yetu atasema: "Mimi sitachelewa." Twamsadiki. Lakini sahihi yake haikusema kuwa hatachelewa. Imesema kuwa akichelewa ameridhia. Nia nzuri imo moyoni mwake, na ridhaa ya riba imo katika karatasi aliyoitia mkono. Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha 12 huko Riyadh, Septemba 2000, lilikata kwamba kadi ya namna hii haijuzu kutolewa wala kutumiwa, hata kama mwenyewe amekusudia kulipa ndani ya muda. Wako wanazuoni wa zama hizi waliomruhusu mwenye yakini ya kulipa, nasi hatuwavunjii heshima. Twauliza tu: yakini hiyo ataipata wapi mtu ambaye riziki yake ni abiria? Bei ya mafuta hutangazwa na serikali tarehe 14 ya kila mwezi, na Septemba 2023 petroli ilivuka shilingi 200 kwa lita. Nani aliijua bei hiyo alipokuwa akiahidi miezi mitatu kabla yake?

Tena twastaajabu kuwa wengi wanaoiogopa kadi hawaiogopi Fuliza, iliyoanza Januari 2019. Dereva amka asubuhi, salio halitoshi, alipa mafuta kwa Fuliza, na jioni shilingi za kwanza ziingiazo katika simu hukatwa. Huona ni jambo jepesi kwa kuwa hakutia sahihi wala hakuombwa dhamana. Lakini hutozwa asilimia 1 ya alichokopa, kisha deni likilala huingia ada ya siku. Wasema hiyo ni ada, si riba. Ada iliyo malipo ya kazi hulipwa mara moja kwa kazi iliyofanywa. Iongezekayo kwa sababu usiku umepita, hiyo ni bei ya usiku. Jina haligeuzi kitu.

Ama mtu aliyepatwa na dharura, ana mgonjwa usiku katika milima ya Wundanyi, tangi ni tupu, na hana njia ya kumfikisha hospitali ya Voi ila kwa mkopo huo, basi huyo na atie mafuta aende. Dharura ina hukumu yake, na hupimwa kwa kadiri yake: huisha mgonjwa akifika. Lakini kabla ya kumhukumu huyo, na tujihukumu sisi jirani zake. Twachangishana kwa harusi za siku tatu, wala katika misikiti yetu mingi hapana sanduku la mkopo mwema ambalo mtu aweza kugonga mlango usiku akapewa shilingi 2,000 arudishe 2,000. Simu imepajaza mahali tulipopaacha wazi.

Turudi kwa ndugu yetu. Hofu yake ya kubeba fedha njiani ni ya haki, lakini haihitaji deni: kadi ya fedha zake mwenyewe yamkinga vilevile. Na ikiwa ana haja ya kukopa hasa, na azungumze na mwenye kituo. Atie mafuta mwezi mzima, kila lita iandikwe katika daftari kwa bei ya siku ilipotiwa, wote wawili watie sahihi, na siku ya malipo itajwe. Akichelewa, mwenye kituo ana haki ya kumnyima mafuta mengine mpaka alipe. Hana haki ya kuongeza senti juu ya yale aliyokwisha kumtilia.