Teknolojia darasani: Ustadhi asiwekwe pembeni

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, maswahaba zake na kila anayefuata uongofu wake mpaka siku ya mwisho.

Ndugu msomaji, wiki hii naanza kwa kujishitaki mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilikuwa nikifundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule moja ya sekondari hapa mjini, na jioni nikisaidia madrasa ya mtaani kwetu. Muislamu mmoja, Allah amlipe, alituletea spika ndogo yenye kadi iliyojaa Juzuu Amma kwa sauti ya msomaji maarufu. Basi kila siku baada ya Alasiri nilikuwa nabonyeza kitufe, watoto wanasikiliza na kufuatisha, nami nakaa pembeni nasahihisha madaftari ya shule. Watoto walihifadhi upesi. Wazazi walifurahi, na mimi nikajiona mwalimu wa kisasa.

Ikaja siku ya hafla ya madrasa. Nikamsimamisha kijana wa miaka tisa asome Suratul Ikhlas. Alisoma kwa mahadhi yale yale ya kwenye spika, pumzi kwa pumzi, na watu wakapiga takbira. Mbele alikuwa amekaa mwalimu mmoja mzee, wa wale waliosomesha kwa ubao wa mbao na wino wa masizi. Hakusema kitu. Baada ya dua aliniita pembeni, akanishika mkono.

"Ustadhi, kijana wako ana sauti, mashaallah. Lakini mbona anatuambia tule?"

Sikumuelewa. Akanirudishia neno la kwanza la ile sura kama alivyolitamka mtoto, na hapo nikaona aibu. Mtoto alikuwa hasemi "qul" kwa qafu, yaani "sema". Alikuwa anasema "kul" kwa kafu, na hilo kwa Kiarabu ni amri ya kula. Kesho yake nikawasikiliza watoto mmoja mmoja, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa miezi. Zaidi ya nusu walikuwa na kosa lile lile, na wengine walikuwa na makubwa kuliko hilo.

Msomaji wa kwenye spika alisoma sahihi kabisa. Basi kosa lilitoka wapi? Qafu hutoka mwisho wa ulimi, kule nyuma, unapogusana na kaakaa laini. Kafu hutoka mbele yake kidogo. Lugha yetu ya Kiswahili ina "k" moja tu, kwa hiyo sikio la mtoto wa Kiswahili likisikia qafu hulipeleka kwenye herufi linayoijua. Spika ndogo nayo inakula sauti nzito na kuacha nyembamba. Mtoto akisema "kul", spika haimsikii, inaendelea na aya inayofuata. Akirudia mara mia amekosea mara mia, na ulimi umeshazoea. Aliyepaswa kumsikia alikuwa pembeni na kalamu nyekundu.

Sasa wapo ndugu zetu ambao wakisikia kisa kama hiki watasema: Mnaona? Haya mambo ya mashine yasiingie madrasa. Mimi sikubaliani nao, na ushahidi ninao katika Sunna.

Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Sahl bin Sa'd (r.a.) habari ya mimbari ya Mtume (s.a.w.). Mtume alimtumia ujumbe mwanamke mmoja amuamuru kijana wake, aliyekuwa seremala, atengeneze ngazi za mbao. Ikatengenezwa kwa miti ya al-Ghaba, karibu na Madina. Sisi tumezoea kuijua mimbari kuwa ni mahali pa khutba. Lakini katika habari hiyo Mtume (s.a.w.) alisimama juu yake akaswali, akatoa takbira na kurukuu akiwa huko juu, kisha akashuka kinyumenyume akasujudu chini kwenye shina la mimbari, kisha akarudi juu. Alipomaliza aliwageukia watu akawaeleza kuwa amefanya hivyo ili wamfuate na wajifunze swala yake.

Msomaji, hebu litazame jambo hili kwa jicho la mwalimu. Darasa limekuwa kubwa, waliokaa nyuma hawaoni. Kikatafutwa kifaa, akatafutwa fundi, na kifaa kikatumika kuwafanya wanafunzi wamuone mwalimu vizuri zaidi. Aidha, katika hadithi aliyoipokea Ibn Mas'ud (r.a.), Mtume (s.a.w.) alichora umbo la pembe nne na mistari kuwaonyesha maswahaba mwanadamu, matumaini yake marefu, misukosuko inayomkabili na ajali yake iliyomzunguka. Anayechora mchoro kwenye projekta leo hajaleta jambo geni.

Kwa hiyo suala si kifaa kuingia au kutoingia. Suala ni kifaa kinamleta mwalimu karibu na mwanafunzi au kinamuondoa. Mimi nilikitumia kuniondoa, tena kwa uvivu wangu nikauita maendeleo.

Qur'an yenyewe ilikuja kwa talaqqi, uso kwa uso. Mtume (s.a.w.) alikuwa akipitia Qur'an na Jibril (a.s.) kila Ramadhani, na mwaka aliofariki waliipitia mara mbili. Na Sayyidna Uthman (r.a.) alipopeleka nakala za msahafu mijini, wanazuoni wa elimu ya Qur'an wanaeleza kuwa nakala zilikwenda na wasomaji wa kuwasomesha watu. Kitabu na mtu vilifuatana.

Hata kaseti zetu zina historia hiyo. Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri (1917-1980) ndiye aliyerekodi Qur'an nzima kwa tartil mwaka 1961, na ilikusudiwa kulinda usomaji sahihi. Sheikh huyo huyo amerekodi pia msahafu wa kufundishia, anasoma na mwanafunzi anapewa nafasi ya kurudia. Kazi kubwa, Allah amrehemu. Lakini ile nafasi ya kurudia inamhitaji mtu wa kuisikiliza.

Sidhani kuwa balaa hili ni la tajwidi peke yake. Mwaka jana nilikuwa nasomesha mirathi kidato cha nne, nikatoa swali: Mtu amefariki, ameacha mke, mama, kaka na ami, na mali ni shilingi milioni 12. Kijana mmoja alikuwa ameshalijaribu nyumbani kwa programu ya mirathi ya kwenye simu ya baba yake. Jibu lake: mke milioni 3, mama milioni 4, kaka milioni 5, ami hana kitu. Hesabu safi. Nikamuuliza, kaka huyo ni wa baba na mama, wa baba mmoja, au wa mama mmoja? Akanyamaza. Kwetu sisi wote ni kaka tu. Ikiwa ni wa mama mmoja, fungu lake ni sudusi, milioni 2, na milioni 3 zilizobaki ni haki ya ami kwa uasaba. Programu haikudanganya, ilijibu ilichoulizwa. Lakini milioni 3 za mtu zingekwenda kwa asiyestahiki, na wangeapa kuwa wamegawa kisheria kwa sababu simu imesema.

Tangu hapo nimeiruhusu programu ile darasani, kwa sharti moja: mwanafunzi agawe kwanza kwa mkono kwenye daftari, aeleze kila fungu limetoka wapi, ndipo tufungue simu yangu tulinganishe. Pakitofautiana, somo linakuwa tamu, maana kila mmoja anataka kujua nani kakosea. Safari hii kijana yule ndiye huwa wa kwanza kuuliza "kaka wa wapi?"

Hapa naomba niseme neno kwa wenye uwezo, wasinielewe vibaya. Tumekuwa wepesi kuchanga kwa ajili ya kitu kinachoonekana. Projekta ikinunuliwa inatangazwa baada ya swala ya Ijumaa na picha zinapigwa. Nimefika katika madrasa, sitaitaja, projekta imefungwa kabatini kwa sababu hakuna aliyefundishwa kuiwasha, na ustadhi wa hapo anaishi kwa ada ya watoto ambayo nusu yao hawailipi. Baada ya Alasiri anawahi kibanda chake cha biashara ili wanawe wale. Mtu huyo ukimpa spika atafanya nilichofanya mimi, tena yeye ana udhuru kuliko mimi. Mnaochangia kifaa, ulizeni kwanza atakayekitumia analipwa nini na amefundishwa na nani.

Ama ile spika, hatukuitupa. Tumeigeuzia kazi tu. Asubuhi ya Jumamosi watoto wanamsikiliza msomaji kwa dakika chache, ili masikio yapate kipimo. Kisha naizima, kila mtoto anakuja mbele yangu, ananitazama mdomo nami natazama wake. Halafu ndiyo natoa simu yangu na kumrekodi aya mbili tatu. Namchezea sauti yake, kisha ya msomaji, kisha yake tena. Mtoto anayebisha akiambiwa amekosea habishi akijisikia mwenyewe. Kijana wetu wa "kul" alipojisikia mara ya kwanza alificha uso kwa kanzu. Ilimchukua wiki tatu kuipata qafu, kwa sababu ulimi ulishakomaa, na mtoto mpya aliyeanza siku hizo aliipata kwa siku mbili. Rekodi hizo nawatumia wazazi kwa WhatsApp, na baadhi ya akina baba wamenipigia simu kwa faragha kuomba na wao wasikilizwe Fatiha yao. Nawapokea baada ya Isha.

Kazi hii haihitaji projekta wala intaneti ya kasi. Umeme ukikatika simu bado ina chaji. Inahitaji dakika nne au tano kwa kila mtoto, na watoto ninao arobaini na mmoja, kwa hiyo hesabu haitoshi kwa mtu mmoja. Mwenye simu ya zamani inayorekodi sauti asiiuze kwa bei ya kutupa. Aipeleke madrasa iliyo karibu naye. Na kama Fatiha yake imeshasikilizwa na mwalimu akaridhika nayo, akae na watoto kuanzia Alasiri mpaka Magharibi, siku moja kwa wiki, amsaidie ustadhi kusikiliza.

Wabillahi tawfiq.