Dhambi Isiyotendwa: Justin Green na Miale ya Binky Brown

Mchoraji amejichora mwenyewe akining'inia kichwa chini, mikono imefungwa, na chini yake mundu mkubwa unamsubiri kwa makali yake. Kalamu ameishika kwa meno. Chupa ya wino iliyo karibu naye imeandikwa kwamba iliyomo ni damu ya baba yake, na santuri inaimba Ave Maria. Akiwa katika hali hiyo anageukia wasomaji na kuanza kuungama.

Kitabu kinachofunguliwa na mchoro huo kinaitwa Binky Brown Meets the Holy Virgin Mary, kijitabu cha vibonzo cha kurasa 44 kilichotolewa mwaka 1972 na Last Gasp, kampuni ndogo ya Ron Turner huko California. Mchoraji ni Justin Green, na Binky ni yeye mwenyewe kwa jina la kubuni. Alizaliwa Boston mwaka 1945 akakulia upande wa Chicago, baba Myahudi na mama Mkatoliki. Akasomea uchoraji wa turubai katika chuo cha sanaa cha Rhode Island, hadi mwaka 1967 alipokutana na kazi za mchoraji wa vibonzo Robert Crumb, michoro mikali iliyosongamana katika fremu zilizopinda. Baada ya hapo turubai haikumshika tena. Aliacha masomo ya shahada ya pili na kuhamia San Francisco, makao ya vibonzo vya chini kwa chini.

Kufanya kazi chini kwa chini kulikuwa na sababu. Tangu mwaka 1954 wachapishaji wakubwa wa vibonzo Marekani walikuwa wamejifunga kwa kanuni za maadili zilizoamua nini kichorwe na nini kisichorwe, na miongoni mwa marufuku zake ilikuwa kuidhihaki dini yoyote. Vijana wa San Francisco walizikwepa kanuni hizo kwa kuchapa kwenye mitambo midogo na kuuza katika maduka ya mabango na viko vya bangi. Wengi wao, ukweli usemwe, uhuru huo waliutumia kuchora uchi, dawa za kulevya na matusi kwa wakubwa. Green aliutumia kujishitaki. Turner alimlipa posho ndogo kila mwezi, naye akakaa karibu mwaka mzima juu ya hadithi hii moja.

Hadithi yenyewe inaanzia utotoni. Binky anacheza na mpira ndani ya nyumba, sanamu ya Bikira Maria inaanguka na kuvunjika. Inafuata shule ya masista, katekisimu, kiti cha maungamo. Halafu anabalehe, na hapo mambo yanaharibika kabisa: anaamini kwamba mwale usioonekana unatoka katika uume wake na kwenda moja kwa moja mbele, ukipenya kuta. Mwale huo ukiligusa kanisa au sanamu ya Maria, amekufuru. Baadaye vidole vyake vya mikono navyo vinatoa miale, kisha vya miguu. Kila anapopita mjini inambidi ajue kanisa liko upande gani, ageuke kiasi gani, akae vipi kitini. Amejitungia hata neno la kujikinga, noyatin, alilolifinyanga kutokana na maneno ya Kiingereza ya kukana dhambi, na analirudia mara kwa mara ili hesabu yake isiharibike. Msomaji anacheka, kwa sababu michoro inachekesha kweli, na papo hapo anamhurumia mtoto huyu anayetembea kama mpimaji wa viwanja asiyepewa likizo.

Swali analolibeba Binky ni la zamani kuliko vibonzo: je, mtu ana hatia kwa wazo ambalo hakulitaka?

Katekisimu ya Kikatoliki ina jibu lililo wazi. Ili dhambi iwe ya mauti panahitajika mambo matatu kwa pamoja: jambo lenyewe liwe zito, mtu ajue kwamba ni zito, na aridhie kwa hiari yake. Binky ana mawili ya mwanzo kwa wingi. La tatu hana hata chembe. Kinyume chake, nguvu zake zote za siku zinaishia katika kukataa. Kwa hesabu ya Kanisa lenyewe huyu ni mtoto asiye na kosa. Ila hapo ndipo penye mtego, kwa sababu mtu wa aina yake hukubali masharti hayo matatu kisha akajiuliza: nina hakika gani kwamba sikuridhia, walau kwa nukta moja? Na Injili ya Mathayo, sura ya tano, haimrahisishii kazi, maana humo kutazama kwa tamaa kumewekwa pamoja na kuzini. Mtu mwenye afya husoma maneno hayo kama onyo juu ya moyo. Mgonjwa huyasoma kama mita ya umeme.

Kanisa liliwafahamu watu hawa mapema, na mmoja wao limemtangaza mtakatifu. Ignasi wa Loyola, akiwa Manresa mwaka 1522, aliungama dhambi zake za zamani, akaziungama tena, na bado akaona kuna kitu amekisahau. Ilifika mahali akashawishika kujiua. Baadaye, katika kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho, aliweka maelezo mafupi kuhusu dhamiri ya namna hii, na mfano alioutoa ungeweza kuwa ukurasa wa Green: mtu anakanyaga vijiti viwili vya nyasi vilivyolala kwa umbo la msalaba, kisha anaanza kujiuliza kama ametenda dhambi. Luther naye, alipokuwa mtawa, alimchosha mlezi wake Staupitz kwa maungamo ya saa kadhaa. John Bunyan, Mprotestanti wa Uingereza asiye na padri wala kiti cha maungamo, alisimulia mwaka 1666 jinsi sauti ya ndani ilivyomsumbua mfululizo ikimtaka amuuze Kristo.

Waislamu nao wanayo mapokeo yao juu ya jambo hili, na kwa maoni ya mwandishi huyu ndiyo yenye huruma zaidi. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba baadhi ya masahaba walimwendea Mtume wakamweleza kwamba wanakuta nafsini mwao mambo mazito mno hata kuyatamka wanaogopa. Jibu alilowapa liligeuza kesi: kule kuogopa kwao ndiko imani yenyewe. Hadithi nyingine inaeleza kwamba umma umesamehewa yale ambayo nafsi inanong'ona, maadamu mtu hajayasema wala kuyatenda. Mafakihi wakaendelea hadi kwenye mambo ya bomba na ndoo: anayerudia udhu mara kumi kwa shaka huambiwa aipuuze shaka na aende akaswali. Karne nyingi kabla ya hospitali za kisasa, tabibu Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika juu ya fikra zinazong'ang'ania kichwani kama maradhi ya nafsi yanayostahili kutibiwa sawa na maradhi ya mwili.

Nani basi wa kulaumiwa kwa mateso ya Binky? Mwaka 1972 kitabu kilikuwa na mshitakiwa mmoja, nalo ni Kanisa. Masista ni wakali kupita kiasi, mapadri hawasikii, na mwishoni kijana ananunua sanamu za Maria na kuzivunja apate kuwa huru. Lakini miaka mingi baadaye Green alitambua kwamba alichokuwa nacho kina jina hospitalini: ni ule ugonjwa wa akili unaomfunga mtu kwa fikra na matendo ya kujirudia. Ugonjwa huo huwapata hata wasio na dini kabisa, wakahesabu ngazi au kunawa mikono mpaka ngozi ichubuke. Basi je, mashitaka yafutwe?

Si rahisi hivyo. Ugonjwa hauleti maneno yake mwenyewe. Huokota yaliyo karibu. Kwa Bunyan uliokota Biblia, kwa mwenye kurudia udhu huokota maji, na kwa mtoto wa Chicago wa miaka ya hamsini ulikuta ghala limejaa: orodha za dhambi na uzito wake, moto uliochorwa vitabuni, sanamu za Mwanamke asiye na doa kila pembe. Katekisimu haikumwambukiza Green. Hata hivyo mwalimu anayemfundisha mtoto sharti la kwanza na la pili kwa sauti kubwa, kisha akalipitia la tatu haraka haraka, amemkabidhi kipimo kisicho na sifuri. Mapadri waliosoma maelezo ya Ignasi walijua hatari hiyo. Mtoto wa miaka minane hakuyasoma.

Vibonzo viliweza kuonyesha jambo hili kuliko risala yoyote ya teolojia. Katika nathari, wazo hubaki wazo. Msomaji anaambiwa kwamba Binky anadhani kuna mwale. Kwenye ukurasa wa Green mwale umechorwa kwa wino uleule uliochora kanisa, mti na gari, mstari mnyoofu kabisa, na jicho haliwezi kukanusha kwamba upo. Kwa muda wa usomaji tunaishi ndani ya ulimwengu ambamo wazo ni kitu. Mchoraji wa vibonzo Art Spiegelman aliliona hilo, akasema waziwazi kwamba bila Binky Brown kusingekuwa na Maus, kitabu chake kuhusu wazazi wake na Auschwitz. Crumb na mchoraji mwenzake Aline Kominsky nao walianza kujisimulia bila kujisetiri.

Je, kuungama huko mbele ya maelfu ya wageni kulimwondolea Green mzigo? Kwa ugonjwa wenyewe, hapana. Aliishi nao mpaka uzeeni. Alijipatia riziki kwa kuchora mabango ya maduka kwa brashi, na akachora vibonzo kuhusu kazi hiyo kwa miaka mingi. Alifariki Cincinnati mwezi Aprili 2022. Msomaji hana mamlaka ya padri ya kumwondolea mtu dhambi, na pengine hilo lilikuwa heri. Mwenye dhamiri ya namna hii akiambiwa kwamba amesamehewa hurudi kesho kuulizia kama kweli alisamehewa. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Victor Meyer, aliyefanya kazi katika hospitali ya Middlesex mjini London, alitangaza matokeo ya tiba mpya ya ugonjwa huu: mgonjwa anaachwa mbele ya kile anachokiogopa na kuzuiwa asifanye matendo yake ya kujitakasa, mpaka hofu ichoke yenyewe. Fakihi wa udhu alikuwa amefika hapo kwa njia nyingine, na muungamishi wa Ignasi pia, aliyemkataza kurudia kuungama dhambi za zamani. Wote watatu hawamthibitishii mtu kwamba yu safi. Wanamtaka aache kuuliza, na kumwambia hivyo muumini mwenye hofu ya Mungu ni kumdai imani kubwa kuliko ile iliyompeleka kwenye kiti cha maungamo.