Kimya cha Saa 72

Kwenye kanuni za timu yetu kuna sentensi moja niliyoiandika mimi mwenyewe, na kwa muda mrefu niliionea fahari: "Pendekezo likikaa saa 72 bila mtu kulipinga, limepita." Ni fupi, inaeleweka, na kusema kweli ilituokoa. Leo nataka kuisema vibaya, ingawa siko tayari kuitupa.

Timu yenyewe ni ndogo. Tuko watu saba hapa Nakivale, tunaangalia chumba kimoja chenye kompyuta tisa, paneli za sola juu ya bati, betri zinazozeeka, na intaneti inayokuja inapotaka. Hakuna anayelipwa mshahara. Ukisikia mtu anasema "sera za ndani" usifikirie jengo lenye lifti. Kwetu sera ni mambo kama: mtu akae kwenye kompyuta dakika ngapi, nani ashike ufunguo Jumapili, neno la siri libadilishwe lini, simu za watu tuzichaji bure au kwa pesa. Mambo madogo. Lakini jambo dogo ukiliweka mlangoni linakuwa kubwa, kwa sababu kila anayeingia lazima alipite.

Zamani tulikuwa tunaamua kwa mkutano. Mkutano mmoja wa kuchagua betri moja kubwa au mbili ndogo ulianza saa nane mchana ukaisha saa kumi na mbili, na betri haikununuliwa. Anayeshinda kwenye mikutano ya namna ile ni mwenye pumzi. Wenye watoto wanaondoka, wenye njaa wanaondoka, halafu wanaobaki wanasema "tumekubaliana." Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba kukaa pamoja na kuongea peke yake kunaleta haki. Nimekaa. Nimeona.

Ndipo nikasoma jinsi wale wanaojenga programu za intaneti wanavyoamua mambo yao. Nilishangaa kwamba nyaraka zinazoeleza namna intaneti inavyofanya kazi zinaitwa maombi ya maoni. Wa kwanza aliuandika Steve Crocker mwaka 1969, wakati huo akiwa bado mwanafunzi, na jina hilo la unyenyekevu alilichagua makusudi, ili mtu yeyote asidhani kwamba vijana wachache wanatoa amri. Jumuiya inayoziendeleza nyaraka hizo hadi leo haina kadi ya uanachama wala haipigi kura. Mwenyekiti akitaka kujua ukumbi umeelekea wapi, anaweza kuwaomba watu wavumishe sauti midomo ikiwa imefungwa, kwanza wanaounga mkono, kisha wanaopinga. Hapo nilicheka peke yangu. Kwa Kiswahili tungesema wanaguna, na kwetu anayeguna ni yule ambaye hajapenda.

Wenzao wa Apache, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 1999, wana utaratibu ambao jina lake la Kiingereza maana yake ni "makubaliano ya uvivu." Unatangaza unachotaka kufanya, unangoja, na kama hakuna aliyepinga, unaendelea. Kwenye kura zao wanaacha angalau saa 72, kwa sababu watu wao ni wa kujitolea, wametawanyika duniani, huku usiku kule mchana. Mtu akitaka kuzuia badiliko la programu anaandika toa moja, na lazima aeleze sababu ya kiufundi. Akipinga bila sababu, pingamizi lake halina nguvu.

Niliona hii ni dawa. Nikaileta kwenye timu, tukaipitisha (kwa mkutano, wa mwisho mrefu), tukafungua grupu la WhatsApp lenye sisi saba na wawakilishi wa watumiaji kumi na wanne. Miezi minane ilikwenda vizuri. Betri ilinunuliwa. Muda wa saa moja kwa mtu ulipita. Hata yule fundi wetu wa umeme, Mrundi mpole ambaye mkutanoni hasemi kitu, alianza kuandika mapendekezo, tena mazuri kuliko yangu.

Kisha laptopu moja ikaibiwa.

Usiku ule ule niliandika pendekezo. Lilikuwa hivi: kuanzia sasa, anayeingia aache kadi yake ya mkimbizi mlangoni, ataichukua akitoka. Nililituma Alhamisi saa tatu usiku. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili mvua ilinyesha, sola haikupata jua, simu nyingi zikazima. Jumapili saa tatu usiku nilihesabu saa zangu, nikaona hakuna aliyepinga, nikaandika: "Limepita." Kwenye simu yangu ilionekana kwamba watu wanne tu ndio walikuwa wamelisoma. Niliiona ile namba. Sitadanganya kwamba sikuiona.

Wakati ule walikuwa wanafika watu wapya kutoka Kivu, baada ya Goma na Bukavu kuchukuliwa mwanzoni mwa 2025. Mtu mpya hukaa anangoja karatasi. Kati yao kulikuwa na mama mmoja wa Goma, wa umri wa mama yangu, ambaye hakuwa na simu. Kila Jumanne alikuja kwetu, kijana wetu mmoja anamsaidia kufungua akaunti ya Facebook, anaangalia kama mtoto wake wa kiume ameandika. Walipotezana njiani.

Jumanne ya kwanza baada ya kanuni, kijana wa mlangoni alimwambia, "Mama, kadi." Hana. Alirudi. Jumanne ya pili vilevile. Yule kijana hakuwa mkorofi, alikuwa anafuata nilichoandika. Jumanne ya tatu nilikuwepo mimi, nikamwingiza. Ujumbe ulikuwepo, ulikuwa na siku kumi na moja. Mtoto alikuwa Bujumbura, ameacha namba ya mtu, akasema anaondoka wiki ile, apigiwe upesi. Tulipiga kwa simu yangu. Aliyepokea alisema kijana ameshaondoka, hajui kaelekea wapi.

Nilianza kumweleza yule mama. Mtu akiwa na hatia maneno yanakuwa mengi. Nilimwambia habari ya wizi, ya grupu, ya saa 72, kwamba hakuna mtu aliyekataa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Papa, munasema hakuna mutu alikatala. Miye muliniuliza siku gani?"

Hakusema kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua tarehe.

Kuna ubishi wa zamani huko Uingereza ambao tangu siku ile hautoki kichwani mwangu. John Locke, katika karne ya 17, alisema mtu anayeishi ndani ya nchi, hata anayepita tu barabarani, kwa kimya chake ameshakubali sheria za nchi hiyo. David Hume alimjibu mwaka 1748 kwa mfano wa meli. Mtu amebebwa akiwa amelala, ameamkia katikati ya bahari. Je, tuseme amemkubali nahodha kwa sababu amebaki ndani? Angeweza kutoka, ndiyo: angejitupa majini. Sijui kama Hume aliwahi kuongea na mkimbizi, lakini msomaji wa jarida hili hahitaji kuelezwa mfano ule. Tumebaki kwenye meli nyingi. Tumetia sahihi karatasi za lugha tusizozisoma, na mtu akaandika kwamba tumeridhia. Kilichoniuma ni kwamba safari hii nahodha nilikuwa mimi, na kalamu nilishika mimi.

Kiswahili chenyewe kingenionya kama ningekisikiliza. Kuna kunyamaza, na kuna kunyamazia jambo, yaani unaliona na unaliacha lipite. Kuna kunyamazishwa. Saa 72 zangu hazikutofautisha. Mtu aliyesoma akaona sawa, mtu ambaye simu yake imezima, mtu anayeogopa kumpinga admini, na mtu ambaye hata hajui kuna grupu, wote niliwaandikia neno moja: wamekubali.

Nilirudi kuwasoma wale wa intaneti, safari hii polepole, nikaona nilichukua kofia nikaacha kichwa. Mwaka 2014 Pete Resnick aliandika waraka, namba 7282, ambao ndani yake anasema hata watu watano wakiunga mkono na mia wakipinga, bado makubaliano yanaweza kuwepo. Mara ya kwanza niliona ni kichekesho. Maana yake ni kwamba swali si wangapi, swali ni kama kila pingamizi limepewa jibu la kweli. Na anaonya kwamba mtu aliyechoka kubishana akasema "basi, fanyeni," huyo hajakubali, amesalimu amri tu. Tena, utaratibu wa uvivu kule kwao una misingi miwili ambayo mimi sikuijenga. Wa kwanza: anayenyamaza ni mtu aliye ndani ya chumba, aliyepewa nguvu ya kuzuia, na kuzuia kunamgharimu mstari mmoja wa maandishi. Wa pili: badiliko la programu likiharibika, linarudishwa lilivyokuwa. Siku kumi na moja za yule mama hazirudishwi.

Kwa hiyo ninachoamini sasa ni hiki. Kimya cha mtu kinaweza kuhesabiwa kuwa ndiyo ikiwa tu kusema hapana kungekuwa rahisi kwake kama kunyamaza. Fundi wetu wa umeme, akiwa na bando na chaji, akinyamaza kuhusu betri, sawa, tumhesabu. Yule mama hakuwa amenyamaza. Hakuwa na pa kusemea.

Ndugu zangu wa Burundi watanikumbusha kwamba abashingantahe walijua haya kabla ya kompyuta: mzee hakati shauri kabla ya kusikia pande zote. Nakubali, lakini mezani kwao nao si kila mtu aliketi, na wanawake wengi walisikia uamuzi ulipokwisha kutoka. Sitaki kutoka kwenye meli ya wazungu niingie kwenye ya wazee nikidhani nimefika nchi kavu.

Tulibadilisha kanuni. Ya kadi tuliifuta siku ileile. Tunaandika jina tu, na kompyuta tumezifunga kwa nyaya. Saa 72 zimebaki kwa mambo ya ndani yetu, yale yanayoweza kurudishwa. Pendekezo linalogusa mlango sasa linatakiwa kuwa na mstari wa ziada: nani litamfungia nje, na nani amekwenda kumuuliza kwa mdomo, ana kwa ana. Kama mstari huo uko wazi, saa hazianzi kuhesabiwa.

Mwenzetu mmoja hapendi. Anasema nimeirudisha mikutano ya saa nne kwa mlango wa nyuma, kwamba kila uamuzi sasa unategemea miguu ya mtu na mvua. Anasema pia, na hapa ananipata, kwamba nimeweka kanuni hii kwa sababu ya majuto yangu, na majuto ya mtu mmoja si sera ya timu. Sijapata jibu zuri. Laptopu ya pili ikiibiwa atanikumbusha, na atakuwa na haki.

Wiki iliyopita yeye ndiye aliyependekeza tufunge chumba Jumanne ili betri zipumzike. Chini aliandika, kwa shingo upande: litawagusa wanaokuja Jumanne. Nikamwambia aende akaulize mwenyewe. Akaenda mpaka kwa yule mama, ambaye bado anakuja, bado anaangalia, na bado hakuna kitu. Alimweleza habari za betri kwa urefu, namna anavyoeleza yeye. Mama akamwambia amesikia, ila kwanza anataka kuongea na wenzake wanaokuja naye, na wawili wako shambani mpaka Jumatano.

Leo ni Jumatatu. Pendekezo limekaa siku sita, na mwenzangu ananiandikia asubuhi na jioni.

Namjibu: Jumatano.