Rambirambi Zinawahi, Nauli Inachelewa

Jumatatu usiku niliingizwa kwenye kundi la WhatsApp la msiba wa bibi mmoja, bila kuulizwa, kama ilivyo desturi yetu. Picha ya kundi, mshumaa. Kufika Jumatano asubuhi mweka hazina alikuwa ameshabandika majina ya waliotoa na ya walioahidi, jeneza limepatikana, gari la kubeba mwili limelipiwa, na Coaster ya waombolezaji imekodiwa kwenda Mbinga, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam. Zaidi ya shilingi milioni tatu kwa siku mbili. Nilitoa na mimi, na ningetoa tena. Ila tangu siku hiyo kuna jambo linanikera, na nisipolisema hapa sijui nitalisemea wapi.

Mara ya kwanza bibi yule alikuja mjini kwa miguu yake. Ilikuwa mwaka jana. Alishuka Stendi ya Magufuli pale Mbezi na bahasha ya kaki yenye barua ya rufaa na majibu ya kinyama, amejifunga khanga mbili kwa sababu ya damu. Kansa ya mlango wa kizazi, hatua ya tatu. Akapangiwa mionzi katika hospitali ya saratani ya Ocean Road: Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki tano, kisha ije ile wanayoiita mionzi ya ndani. Wodi ni za waliozidiwa. Anayeweza kutembea anatoka nyumbani asubuhi na kurudi jioni. Na nyumbani kwake kwa wiki zile palikuwa kwa mwanawe, jirani yetu hapa Chamazi, vyumba viwili na sebule.

Mke wangu ndiye aliyekuwa akiingia na kutoka katika nyumba ile, na ndiye aliyenisimulia. Anasema bibi alichorwa alama za wino kiunoni na tumboni, za kuwaongoza wataalamu waelekeze mashine palepale kila siku, akaambiwa zisifutike. Basi akawa anaoga kwa kuchovya kitambaa na kupita pembeni ya ile mistari, polepole, kama mtu anayefuta vumbi kwenye picha ya marehemu. Kila jioni alikuwa akimwomba mke wangu amtazamie kwa nyuma: bado zipo? Zipo, mama. Haya, tumshukuru Mungu.

Bibi huyu aliilinda mistari yake. Sisi ndio tuliomshinda.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya heshima zote. Wiki ya pili akatengewa kikombe chake na sahani yake, bila maneno, vikakaa peke yao kwenye ndoo ndogo ya bluu. Halafu wajukuu waliokuwa wakilala naye sebuleni wakahamishiwa chumbani kwa wazazi, kwa sababu mama yao alisikia kwa mtu kwamba mgonjwa wa mionzi naye anatoa mionzi. Ugonjwa wenyewe una harufu, tusifichane, na harufu katika nyumba ya vyumba viwili haina pa kwenda. Madirisha yakaanza kufunguliwa kila akiingia. Huyu mkwewe si mtu mbaya. Ni mwanamke anayeuza vitafunwa, anayeamka saa kumi usiku, ambaye hakuna mtu hata mmoja aliyemkalisha chini akamweleza.

Laiti angeelezwa. Mionzi ya kutoka nje, ile ya kulala chini ya mashine, inapita mwilini na kuisha hapohapo mashine inapozimwa. Haibaki kwa mgonjwa, haimfikii mtoto anayelala ubavuni pake. Kansa nayo haiambukizwi kwa kikombe. Kirusi cha HPV kinachosababisha karibu kansa zote za mlango wa kizazi huenezwa kwa kujamiiana, na wengi wetu tumewahi kukibeba bila kujua. Hata ile harufu ina dawa. Ni mambo ya dakika kumi, lakini mtu wa kuyasema hizo dakika kumi, akiwa nyumbani Chamazi na si dirishani hospitali, hakuwapo.

Kisha usafiri. Kutoka Chamazi unapanda gari hadi Mbagala, unabadilisha, unasimama hadi Posta, unamalizia kwa mguu au bajaji. Mionzi ya nyonga inaleta uchovu wa kumlaza mtu, inaleta kuharisha na haja ndogo za kila mara. Mwombe kondakta wa daladala asimamishe gari kwa sababu hiyo, foleni ya Kilwa Road, saa moja asubuhi, wewe ni bibi wa miaka sitini na kitu na umevaa khanga mbili. Jaribu.

Wiki ya tatu akasema anarudi Mbinga, kahawa inaiva. Sote tuliokuwa tukimfahamu tulikubali haraka mno. Kahawa kweli huiva. Lakini bibi alikuwa na watoto wengine kule wa kuichuma, na tulilijua hilo. Mwezi uliopita akaletwa tena, safari hii amebebwa, hakuna kilichobaki cha kutibu.

Mionzi si panadol kwamba ukisahau leo utameza kesho. Inaua seli za kansa kwa dozi ndogondogo zinazofuatana, na ukisimama katikati zile zilizosalia zinapata nafasi ya kujijenga upya. Kwa kansa hii wataalamu husisitiza matibabu yote, ya nje na ya ndani, yaishe ndani ya wiki 8. Kila siku inayozidi inapunguza uwezekano wa kupona. Kwa maana hiyo mkeka wa sebuleni, nauli ya daladala na sura ya mkwe ni sehemu ya dawa, tena sehemu ambayo hakuna mfamasia anayeigawa.

Najua kuna msomaji ameshaanza kutikisa kichwa. Atasema: ndugu mwandishi, Ocean Road ni pa kwenda kufia, angemaliza asingemaliza yangekuwa yaleyale. Hili nalisikia barazani, kwenye misiba, hata kwa watu waliosoma. Nitamjibu bila kumung'unya: si kweli, na wewe unayelisema unachangia kulifanya liwe kweli. Watu wengi hufika pale ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne, baada ya kuzunguka kwa waganga na maduka ya dawa, kwa sababu ya msemo huohuo wako. Wanachelewa kwa kuogopa kufa, wanakufa kwa kuchelewa, nawe unapata ushahidi mpya wa kupeleka barazani.

Jengo lenyewe lina historia inayostahili kutazamwa mara mbili. Wajerumani walilimaliza 1897, pale ufukweni, hatua chache kutoka Ikulu ya Dar es Salaam, na mwenyeji hakuwa akilazwa humo. Ilikuwa hospitali ya Wazungu. Mwaka 1996 Bunge likaifanya taasisi inayojitegemea ya saratani, na kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa mahali pekee Tanzania nzima pa kupata mionzi, mpaka Bugando kule Mwanza ilipoanza kutoa huduma hiyo. Barabara inayopita mbele yake ilibadilishwa jina 2013 ikawa ya Barack Obama, ingawa sijawahi kumsikia mgonjwa akisema amepewa rufaa ya kwenda Obama. Mwaka 2018 zikaanza kutumika mashine mpya za mionzi zinazolenga uvimbe kwa usahihi kuliko zile za kobalti. Yule ambaye zamani asingepita getini, mkulima wa Mbinga, leo ndiye mwenye pale. Mimi naona hilo ni jambo kubwa, na inaniuma kwamba tunamfikisha hadi getini kisha tunamwacha atafute pa kulala.

Tena taasisi ile haikai kungoja wagonjwa tu. Wataalamu wake hutoka kwenda mikoani kuchunguza kina mama, na uchunguzi wenyewe hauna vitisho: muuguzi anapaka siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi na kutazama kama kuna sehemu inageuka nyeupe. Ikigeuka, mabadiliko hayo ya awali mara nyingi yanatibiwa siku ileile, mtu akarudi kupika chakula cha jioni. Chanjo ya HPV kwa wasichana ilianza nchi nzima 2018, na tangu 2024 ni dozi moja tu kwa wenye umri wa miaka 9 hadi 14. Pamoja na hayo, makadirio ya kimataifa ya 2020 yalionyesha wanawake zaidi ya 10,000 wanaugua kansa hii nchini kwa mwaka na zaidi ya 6,000 wanakufa. Ukizisoma namba hizo sambamba na bei ya siki, utashindwa kukaa kitako.

Na hata kwa wasioponeka kuna kazi inafanyika ambayo haipigwi picha. Morfini ya maji, ile ya kunywa, inamwezesha mtu akae nyumbani kwake bila kulia usiku kucha. Nimewasikia watu wakiiita dawa ya kummaliza mgonjwa. Inayommaliza ni kansa. Morfini inamwachia nafasi ya kuzungumza na wanawe.

Msomaji wangu wa pili ni mgumu zaidi, kwa sababu ana hoja. Anasema: pa kulala wagonjwa ni kazi ya serikali, unatutwisha mzigo usio wetu. Kwa sehemu yuko sawa. Kama serikali inanunua mashine kwa mabilioni, haiwezi kudai kushangaa mgonjwa anapokosa kuifikia. Kitanda cha hosteli kwa wiki hizo ni matibabu, na kingehesabiwa hivyo kwenye bajeti. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge 2023. Ningependa kumsikia mbunge mmoja, kutoka chama chochote kile, akisimama kuuliza kama bima hiyo itamlipia mgonjwa wa mionzi nauli ya kutoka Mbinga na pa kujilaza. Sijui tunaogopa nini kuliuliza.

Kwamba mgonjwa anaweza kupewa pa kulala, tunaona katika hospitali ya Muhimbili. Huduma za watoto wenye saratani zilihamia huko kutoka Ocean Road 2011, na shirika la Tumaini la Maisha likajenga huduma kuzunguka matibabu: mzazi na mtoto wana hosteli ya kukaa, mtoto anapata kusoma na kucheza. Hakuna aliyekaa akasema hayo ni anasa. Walielewa kwamba mama mwenye watoto wengine wanne kijijini ataondoka tu, dawa iwepo isiwepo, kama hana kitanda wala sahani ya ubwabwa. Kinachowafaa watoto kinashindwaje kuwafaa bibi zao?

Lakini yule msomaji anapomaliza hoja yake ya serikali, na mimi nina swali. Ile milioni tatu ya siku mbili ilikuwa kazi ya nani? Hakuna wizara iliyotuamuru. Tulijipanga wenyewe, tukawa na mwenyekiti, katibu, mweka hazina, taarifa ya mapato kila baada ya saa tatu, na aliyechelewa akatajwa hadharani. Tuna umoja wa watu wa Mbinga, tuna jumuiya, tuna vikoba, tuna misikiti na makanisa yenye mabweni yanayokaa matupu kati ya semina na semina. Uwezo tunao na nidhamu tunayo. Tatizo letu ni kwamba mashine yote hiyo huwaka mtu akishakufa. Mgonjwa akiomba elfu hamsini ya bajaji, tunaanza kumchunguza kwanza: kwani mwanawe hafanyi kazi? Maiti haihojiwi.

Chumba cha kupanga karibu na katikati ya mji kwa miezi miwili, pamoja na bajaji ya kwenda na kurudi kila siku, kisingefika hata nusu ya tulichotumia kumsafirisha kwenda kuzikwa. Nimepiga hesabu hiyo na mweka hazina, hakupinga. Alichosema ni kwamba watu hawatoi kwa ajili ya bajaji. Nami nikamwambia hawajawahi kuombwa kwa sauti ileile.

Tuanzie hapo basi. Hospitali zetu kubwa zina maofisa ustawi wa jamii, na hao wanajua leo hii nani anaanza mionzi na hana mwenyeji mjini. Umoja wowote wa watu wa wilaya fulani unaweza kumpa ofisa huyo namba ya simu ya mtu mmoja. Huyo mmoja ndiye ataitisha mchango, na ndiye atakayekwenda kukaa dakika kumi na mkwe anayeuza vitafunwa, amweleze habari ya vikombe.

Kamati ya harusi ya mpwa wangu inakutana Jumapili. Bajeti ina drone ya kupiga picha kutoka angani na keki ya ngazi saba, ambayo nilivyoona kwenye harusi zilizopita ngazi tano huwa ni boksi lililopakwa krimu. Nitatoa hoja drone ifutwe na fedha zake ziwe za kwanza kwenye mfuko wa wagonjwa wanaotoka kwetu. Shangazi ameshanipigia simu, amesikia. Anasema nisije nikaleta habari za kansa kwenye shughuli ya watoto, ni mkosi. Nimemjibu, shangazi, shikamoo, nitakuja mapema nikae mbele.