Fransis wa Ifakara

Katika mji wa Ifakara jina la Fransis halimshtui mtu. Ndilo jina la hospitali kubwa ya Wakatoliki, na katika bonde la Kilombero aghalabu huandikwa mwisho, pale panapokaa jina la ukoo, nyuma ya majina ya watoto wa Kindamba, Kipogoro na Kimbunga. Asili ya maana yake ni Mfaransa. Je, mtu anadaiwa nini na jina asilolichagua?

Mtakatifu mwenyewe hakuwa Mfaransa. Alizaliwa Assisi, Italia, mwaka 1181 au 1182, akabatizwa Yohana. Inasimuliwa kwamba babaye, Pietro di Bernardone, mfanyabiashara wa nguo, aliporudi kutoka Ufaransa alimgeuza mwanawe jina, akamwita kwa nchi iliyomneemesha. Yapata mwaka 1206 kijana alimkana baba mbele ya askofu, akavua nguo zote akamrudishia. Alirudisha kila alichopewa, isipokuwa jina. Pengine hakuona namna ya kulivua.

Wafuasi wake, Wakapuchini wa Uswisi, walianza kazi katika sehemu hizo miaka ya 1920. Hivyo jina la Kifaransa la Mwitaliano likafikishwa na Waswisi kwa wavuvi na wakulima wa mpunga, chini ya bendera ya Mwingereza. Wako wanaolaumu kwamba lilifukuza majina ya mababu. Lawama ina ukweli, ila si wote. Mtoto hufuatisha jina la baba na la babu. La baba wa babu huanguka lenyewe, Ifakara kama Unguja. Kilichobadilika ni karatasi. Cheti na pasi huligandisha jina la babu likawa la ukoo, na leo Fransis wawili, Mndamba wa mtoni na Mpogoro wa milima ya Mahenge, huulizwa na mgeni kama ni ndugu.

Bahari ya Hindi imeona majina ya Kifaransa yaliyotolewa kwa njia chungu zaidi. Mwaka 1776 Mfaransa Morice aliafikiana na Sultani wa Kilwa kununua watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa. Utumwa ulipokomeshwa Réunion mwaka 1848, watu zaidi ya 60,000 walipewa majina ya ukoo na makarani, mengine ya dhihaka. Nyuma ya jina la namna hiyo hakuna babu, kuna karani tu.

Nyuma ya Fransis wa Ifakara yuko babu. Mjukuu alitajapo hamtaji Mfaransa wala mtu wa Assisi; anamtaja mzee aliyelima mbuga ile. Huyo ndiye anayemdai. Lakini mzee naye aliitwa jina jingine nyumbani, kabla ya maji ya padri, na hilo halimo katika cheti, wala kaburini, kwa kuwa msalaba nao umeandikwa Fransis. Anayelitaka yampasa akamuulize bibi, naye bibi amekwisha kuwa mkongwe.