Kaza Gari Likiwa Chini

Somo: 1 Wafalme 12:1–20

Vijana wetu wakipata gari, hasa Altezza au Subaru, jambo la kwanza ni kulishusha. Wanang'oa shokapu na springi za kiwandani, wanafunga koilova: shokapu yenye nyuzi mwilini, imevishwa springi yake, na ringi za kuzungushwa kwa spana yenye kichwa cha ndoano. Ukizungusha, gari linapanda au linashuka. Mimi si shabiki wa magari ya kukwangua lami, na matuta ya Dar es Salaam hayana huruma na mtu. Lakini kuna hatua moja katika kazi hiyo ambayo ningependa kila mzee wa kanisa aione kwa macho yake kabla ya kikao kijacho.

Gari liko juu ya stendi, magurudumu yananing'inia. Koilova imeshaingia, nati za juu zimeshika, mpira wa breki na waya wa ABS vimerudishwa kwenye vishikizo vyake. Zimebaki bolti za mikono ya chini, zile zinazopita katikati ya bushi. Fundi mwenye haraka anazikaza hapo hapo. Fundi anayejua kazi anaziingiza kwa vidole, anaziacha zikicheza.

Sababu imo ndani ya bushi. Mpira wake umegandishwa kwenye bomba dogo la chuma, na bolti ikishakazwa bomba hilo haligeuki tena. Mkono ukipanda na kushuka, kinachojipinda ni mpira. Sasa ukikaza gurudumu likiwa hewani, umeupa mpira mahali pa kupumzikia ambapo gari halitakaa kamwe likiwa barabarani. Ukilishusha chini, mkono unapanda, na mpira unabaki umepindwa mchana na usiku, hata gari likiwa limeegeshwa. Utachanika kabla ya wakati wake. Tena unaisukuma bodi juu kidogo, kwa hiyo hata kimo unachopima siku hiyo, kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda, ni cha uongo. Ndiyo maana fundi mwenye subira huweka jeki chini ya mkono, akaupandisha mpaka uzito wa gari uukalie, ndipo anavuta spana kwa nguvu zake zote.

Rehoboamu, mwana wa Sulemani, alikaza gari likiwa hewani. Alikwenda Shekemu kutawazwa, watu wakampelekea hoja moja tu: nira ya baba yako ilikuwa nzito, tupunguzie, nasi tutakutumikia. Hawakuwa wakitia chumvi. Sura ya 5 ya kitabu hicho hicho inaeleza jinsi Sulemani alivyotoza shokoa ya watu 30,000, akiwapeleka Lebanoni 10,000 kwa zamu, mwezi mmoja msituni na miezi miwili nyumbani. Mzigo ulikuwa na hesabu yake, na waliosimama mbele ya mfalme ndio walioubeba.

Akaomba siku tatu. Hapo alifanya vyema, na ninasikitika kwamba watu wengi wanaosimulia habari hii wanaipita hatua hiyo bila kumsifu. Akawauliza wazee waliomhudumia baba yake, wakamshauri awatumikie watu na kuwajibu kwa upole. Kisha akawauliza wenzake aliokua nao, nao wakamwambia aongeze. Tunawaita vijana, lakini sura ya 14 inasema Rehoboamu alianza kutawala akiwa na miaka 41. Hawa walikuwa watu wazima waliokulia ikulu. Tofauti yao na wale wazee haikuwa umri peke yake: wazee walikuwa wameuona utawala ukiwa umebebeshwa watu, wao waliuona kutoka mezani. Siku zote tatu zilipita bila mfalme kumuuliza hata mtu mmoja aliyetoka msituni Lebanoni.

Ushauri wa ugumu una mvuto wake, na gereji nako uko. Koilova nyingi zina kitufe cha kuzungusha kinacholia kwa mibofyo. Ukikifunga, shokapu inakuwa ngumu. Kijana anakifunga mpaka mwisho, kwa imani kwamba gumu ndilo imara. Shokapu haibebi gari. Kinachobeba gari ni springi. Kazi ya shokapu ni kuutuliza mwendo wa springi, ikiugeuza kuwa joto ndani ya mafuta yake. Ikizidi ugumu kwenye barabara mbovu, gurudumu halifuati tena mashimo, linarukaruka juu yake. Kila linapoiacha ardhi, halina breki wala usukani. Mfalme aliyeahidi nge badala ya mijeledi alipoteza makabila kumi asubuhi moja. Akamtuma Adoramu, msimamizi wa shokoa, watu wakampiga kwa mawe hata akafa. Gari pekee linalotajwa katika sura hiyo ni lile ambalo Rehoboamu alilirukia akikimbilia Yerusalemu.

Wanaofunga koilova kwa ajili ya mashindano huweka mizani chini ya kila gurudumu, na dereva hukaa kitini wakati wa kupima, kwa sababu uzito wake nao ni sehemu ya gari. Wakiinua kona ya mbele kushoto, uzito unaongezeka pale na pia kona ya nyuma kulia, huku kona mbili nyingine zikipungukiwa. Nimeliona hilo katika usharika mara nyingi. Baba anaandika ahadi kubwa ya jengo mbele ya watu, na anayeilipa ni binti yake anayefanya kazi za ndani Omani, ambaye hakuwepo kwenye ibada hiyo na jina lake halimo kwenye orodha.

Sisemi ahadi zisiwepo, wala kwamba kanisa lisidai kitu. Bolti iliyoachwa ikicheza ni hatari kuliko iliyokazwa vibaya, na usharika usio na utaratibu humwaga watu njiani. Yesu mwenyewe hakuondoa nira. Katika Mathayo 11 anawaita waliolemewa wajitie nira yake. Lakini katika Mathayo 23 anawakemea vikali wale wanaowafungia watu mizigo mizito mabegani, ilhali wao wenyewe hawataki kuigusa hata kwa kidole.

Kamati zetu zinakutana juma hili kupanga viwango vya ahadi za jengo kwa kila kaya. Nawaomba wajumbe msiandike tarakimu yoyote kabla ya kuwatembelea wajane, wapangaji na waliopunguzwa kazini katika mitaa yenu, na kiwango cha kwanza kuandikwa kiwe cha wajumbe wenyewe. Nanyi waumini, mkiona mzigo umezidi, semeni mbele ya wazee mapema na waziwazi, kama Waisraeli walivyosema pale Shekemu. Huo si utovu wa nidhamu, na hakuna atakayeandikwa jina kwa kusema.