Baraza Lililobaki Kariakoo

Mwezi wa Machi ukiingia, wakazi wa Dar es Salaam huanza kutazama mbingu na kukagua mifereji. Masika hayana huruma na katikati ya jiji. Bonde la Msimbazi likijaa, barabara ya Jangwani hufungwa, na anayetoka Magomeni kwenda Kariakoo hulazimika kuzunguka mbali kufika mahali anapopaona kwa macho. Ndani ya miezi hiyo hiyo ya mvua, shule ndogo za Kikristo zilizobanwa katikati ya maghorofa ya Kariakoo, Gerezani na Upanga huwa na shughuli kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Kuna Jumatano ya Majivu, Njia ya Msalaba kila Ijumaa, mafungo, kikao cha wazazi, usafi wa mazingira, mazoezi ya kwaya ya Pasaka, Jumapili ya Matawi, halafu likizo fupi. Zile zenye Kidato cha Sita huongeza mahafali kabla ya mitihani ya Mei. Na kila mwaka yanarudi malalamiko yale yale kutoka kwa baadhi ya wazazi, na siku hizi hata kwa baadhi ya walimu, kwamba mambo haya yanakula muda wa masomo na yangepunguzwa. Mimi nasema yasipunguzwe. Kwa shule ndogo iliyo katikati ya jiji hili, mikusanyiko ya msimu huu ni sehemu ya kazi yenyewe ya kulea, na sababu ninazoziona zinatoka zaidi kwenye hali ya Kariakoo ya leo kuliko kwenye mafundisho ya dini.

Mtaa huu, uliopata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa miongo mingi ulikuwa mahali pa kuishi na pa kuuzia kwa pamoja. Nyumba za Kiswahili zilikuwa na ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na baraza mbele. Barazani wazee walicheza bao, akina mama walisukana, na mtoto aliyetoka shule alipita mbele ya macho ya watu wanaomjua kwa jina la babu yake. Nyumba nyingi kati ya hizo zimevunjwa. Mahali pake yamesimama maghorofa yenye maduka chini na stoo juu, na familia zilizouza viwanja zimehamia Mbagala, Tabata, Gongo la Mboto na kwingineko. Mwanzoni mwa mwaka 2025 serikali ilizindua utaratibu wa kufanya biashara saa 24 Kariakoo. Kiuchumi jambo hilo lina sababu zake na sigombani nalo. Lakini tuangalie maana yake kwa mtoto. Mzazi anafungua duka alfajiri, au anapanga bidhaa zake kando ya Mtaa wa Kongo, au anawasha jiko la mama lishe kabla jua halijatoka. Mtoto anakuja naye kwa daladala au kwa mwendokasi mpaka kituo cha Gerezani, anaingia darasani, anatoka, anasubiri dukani katikati ya marobota mpaka usiku. Nyumbani kwao majirani hawamwoni mchana, na Kariakoo hana jirani, ana wateja wa baba yake. Kwa mtoto wa namna hii, uwanja wa shule ndio baraza pekee lililobaki.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, na serikali yenyewe imekiri jambo hilo kwa njia yake. Mwaka 2023 Kamishna wa Elimu alitoa waraka uliozuia huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, kwa hoja kwamba umri huo unahitaji malezi ya wazazi na jamii. Ni uamuzi uliozua mabishano, hasa kwa wazazi wenye kazi za kuchelewa kurudi, lakini msingi wake ni sahihi. Swali lililobaki ni jamii ipi. Miaka 56 kabla ya waraka huo, Machi 1967, Mwalimu Nyerere alieleza katika Elimu ya Kujitegemea namna shule za kikoloni zilivyomtenga mwanafunzi na watu wake, akataka shule iwe jamii inayoishi na kufanya kazi kwa pamoja. Yeye alikuwa na kijiji akilini, na shamba. Shule ya Kariakoo haina shamba, na pengine uwanja wake hautoshi hata goli mbili. Ilichonacho ni kalenda. Siku ambazo wazazi, walimu, watoto, mlinzi, mpishi, paroko au mchungaji wote wanakuwa mahali pamoja bila mtu kumuuzia mwenzake kitu, hizo ndizo shamba lake.

Kuna wanaosema kwamba wema hauhitaji ratiba, na wanaweza kuitolea mfano Kariakoo hiyo hiyo. Ghorofa lilipoporomoka pale Novemba 16, 2024, wafanyabiashara na vijana wa mitaa ya jirani waliingia kwenye kifusi kuwatafuta watu waliofukiwa. Ni kweli, na ni jambo la kutia fahari. Hata hivyo nadhani tukio lile linatufundisha pande mbili. Linaonyesha kwamba utu haujatoka Kariakoo. Linaonyesha pia kwamba tumezoea kukutana wakati wa msiba peke yake, tukiwa na hofu na machozi, na hayo yakipita kila mmoja anarudi kwenye fremu yake. Mtoto anahitaji kuona watu wazima wakishirikiana siku ya kawaida: wanazibua mfereji wa shule kabla mvua kubwa haijaja, wanapanga viti, wanagawana chakula. Hayo hayaonekani kwenye kitabu cha Historia ya Tanzania na Maadili, ingawa nafurahi kwamba somo hilo limeingia kwenye mtaala mpya.

Pingamizi linalosemwa kwa sauti kubwa zaidi ni la mitihani. Mzazi anayelipa ada kwa kuhangaika ana haki ya kuuliza kwa nini Ijumaa alasiri mtoto wake yuko kwenye Njia ya Msalaba na si kwenye tuisheni. Simbezi mzazi huyo. Lakini ushindani wa shule kwa shule, ambao ndio umezifanya Jumamosi, likizo na hata usiku kuwa vipindi, umeanza kupoteza msingi wake. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa, likiona kwamba utaratibu ule hauna tija. Kwa miaka mingi orodha ile ya kumi bora ilikuwa tangazo la biashara la shule binafsi, zikiwemo za makanisa, na baadhi zilijijenga juu yake kwa kuwachuja watoto: asiyefikisha wastani anarudia darasa au anahamishwa, ili jina la shule lisishuke. Shule ya Kikristo inayomfukuza mtoto dhaifu ili ipande kwenye orodha, kisha ikamfundisha anayebaki habari za mchungaji aliyewaacha kondoo tisini na tisa, inabomoa kwa mkono mmoja inachojenga kwa mwingine, na watoto wanaliona hilo mapema kuliko tunavyodhani. Saa moja na nusu za Ijumaa kwa majuma sita ya Kwaresima hazijawahi kumfelisha mtoto anayefundishwa vizuri siku nyingine. Anayeshindwa mara nyingi huwa ameshindwa na njaa, na foleni, na kulala saa sita usiku dukani.

Pingamizi la dini ni zito zaidi, na linastahili kujibiwa bila kukwepa. Kariakoo ni mtaa wenye Waislamu wengi tangu zamani, na katika shule ndogo za Kikristo za eneo hili wamo watoto wa Kiislamu ambao wazazi wao wamezichagua kwa sababu ya nidhamu au ukaribu. Je, si kuwavuta watoto hao kwa siri tunapoujaza muhula Kwaresima na Pasaka? Historia haituruhusu kulipuuza swali hili. Wakati wa ukoloni elimu ilishikwa kwa sehemu kubwa na misheni, na waliobaki nje walibaki nyuma. Katika mazingira hayo ndipo wazee wa Kiislamu wa Kariakoo, Kleist Sykes akiwa miongoni mwao, walipoianzisha Al-Jamiatul Islamiyya na kuwajengea watoto wao shule. Serikali ya Tanzania ilipotaifisha shule za misheni kwa sheria ya mwaka 1969, moja ya sababu ilikuwa kuondoa ubaguzi wa dini na rangi darasani. St. Joseph's Convent ikawa Sekondari ya Forodhani, na St. Francis ya Pugu ikawa Sekondari ya Pugu. Shule za makanisa tunazoziona leo zimekuja au zimerudi baada ya somo hilo, na hazina ruhusa ya kulisahau.

Kwa hiyo jibu langu lina masharti. Mtoto wa Kiislamu asilazimishwe kupiga magoti kwenye kituo chochote cha Njia ya Msalaba, asiimbe asichokiamini, na wakati huo awe na mwalimu na kazi ya maana, si kukaa koridoni kama aliyeadhibiwa. Na masharti hayo yaandikwe, mzazi ayasome siku ya kuandikisha mtoto. Masharti hayo yakishikwa, msimu huu unageuka kuwa nafasi adimu. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu iliangukia Februari 18, na Ramadhani ikaandama kuzunguka siku hizo hizo. Mwaka 2025 pia mifungo hiyo miwili ilianza ndani ya wiki moja. Watoto wanaokaa dawati moja wakawa wanafunga wote, kila mmoja kwa utaratibu wake. Shule gani ya maadili ingepanga somo bora kuliko hilo? Shule inayofuta mambo yote ya imani ili isimuudhi mtu inawanyima watoto nafasi ya kujifunza kuheshimu mfungo wa mwenzao, na wataijifunza heshima hiyo wapi tena? Nyerere, akiwa mwalimu wa shule ya misheni kule Pugu, kama kilomita 20 kutoka hapa, alikuwa akija Kariakoo kupokewa nyumbani kwa Abdulwahid Sykes, mwana wa Kleist, na Julai 7, 1954, chama cha TANU kikaundwa katika mtaa huu huu. Ukatoliki wake haukufichwa wala Uislamu wa wenyeji wake haukufichwa. Walijuana hivyo hivyo na wakafanya kazi.

Pesa ni jambo ambalo upande wangu mwenyewe unastahili kulaumiwa nalo. Sherehe za shule nyingi zimeingiliwa na tabia za kumbi za harusi: mshereheshaji wa kulipwa, keki ya ngazi tatu, mapambo ya kukodi, majoho mpaka kwa watoto wa chekechea, na karatasi ya michango inayofika nyumbani mkobani mwa mtoto ikiwa na tarehe ya mwisho. Mzazi anayeuza soksi juani hawezi kubishana na karatasi hiyo, kwa kuwa mwanawe ndiye atakayeaibika. Michango ya namna hii inaua kile kile ninachokitetea, maana mzazi asiyekuwa nacho haji kabisa, na anayekuja anakaa kulingana na alichotoa. Shule za umma zina waraka wa mwaka 2015 wa elimu bila ada uliofuta pia michango. Shule za kanisa zingeona haya kuwa na moyo mdogo kuliko waraka wa serikali. Chakula cha mahafali kinaweza kuwa pilau iliyopikwa uani na wazazi wenyewe, na Kariakoo haina uhaba wa wapishi wala wa mchele. Kwaya ya watoto haihitaji spika za kukodi.

Sadaka za Kwaresima nazo zingetumika karibu. Watoto hukusanya sarafu kwa siku 40, halafu mara nyingi fedha hupelekwa mahali wasipopaona. Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko, ambayo kwa miaka mingi imepokea wanafunzi wasioona na wenye ulemavu mwingine, ipo hapa hapa, mwendo wa miguu. Kwenda huko asubuhi moja kukaa na wenzao, kusoma nao, na kujifunza namna wanavyosoma kwa vidole, kutawapa watoto wa shule ndogo ya kanisa kitu ambacho bahasha haitawapa. Ziara ya namna hiyo iombwe mapema na mwenyeji ndiye aseme anachohitaji, isiwe msafara wa kupiga picha na kugawa sabuni.

Na kikao cha wazazi kihamishwe. Shule nyingi hukiita siku ya kazi saa nne asubuhi, wakati ambao mfanyabiashara wa Kariakoo yuko katikati ya wateja, kisha mkuu wa shule analalamika kwamba wazazi hawajali. Jumapili mchana biashara hupungua na mitaa hupoa kidogo. Kikao kikianza saa nane mchana siku hiyo, ibada zimekwisha, mama lishe anaweza kufika, mpagazi wa sokoni anaweza kufika, na mzazi wa Kiislamu anaweza kufika bila kukosa swala ya Ijumaa. Mwalimu atakayepoteza mapumziko yake ya Jumapili apewe Jumatatu nzima, kwa maandishi, kwa sababu mzigo wa msimu huu wote huwaangukia walimu na wapishi, ambao husifiwa siku ya mahafali na kusahaulika wiki inayofuata.

Shule ikiwa na watoto 200, kikao cha Jumapili kinatosha mzazi mmoja mmoja kusema jina lake na mahali anapofanyia kazi. Mama wa mtoto wa darasa la tatu atagundua kwamba baba wa rafiki wa mwanawe ana duka fremu ya pili kutoka anapouzia yeye, na kwamba jioni mvua ikikatisha usafiri, watoto wote wawili wanaweza kusubiri pale.